Mwongozo wa Anayebofya kwa Mara ya Kwanza

Kila dirisha la maombi ya chuo na mkopo likifunguliwa, steshenari za Singida mjini hujaa vijana kutoka Ikungi, Ilongero na Mkalama. Wengi wana simu yenye intaneti, na mwongozo wa kujaza fomu upo, umewekwa kama PDF. Bado wanalipa nauli, halafu wanalipa tena kujaziwa. Kibaya zaidi, paswedi inabaki kwa mwenye steshenari. Siku fomu ikirudishwa irekebishwe, kijana hana pa kuingilia, na siku za mwisho zinakatika hivyo hivyo.

Mtaani wanasema vijana hawapendi kusoma. Sikubaliani. Miongozo mingi hufuata mpangilio wa mfumo: utangulizi, maana ya vifupisho, sehemu A hadi F. Msomaji ana swali moja tu: nianzie wapi?

Hili si la kwetu peke yetu. Miaka ya 1980, mtafiti John Carroll wa kampuni ya IBM, Marekani, aliwachunguza watu wa ofisini wakijifunza kuandika kwa kompyuta. Walikuwa na vitabu vya maelekezo mezani, ila waliruka kurasa, wakaanza kubonyeza, wakakosea, kisha wakakwama kwa sababu kitabu hakikusema ukikosea unarudije. Carroll akaandaa kitabu kifupi zaidi, kinachoanza na kazi halisi na kinachoeleza namna ya kujinasua. Waliokitumia walijifunza haraka kuliko wenzao wa kitabu kirefu.

Sisi wa ualimu tunaimbishwa kila siku: toka kinachojulikana kwenda kisichojulikana. Sasa, kinachojulikana ni kipi? Mfano ni M-Pesa, iliyoanza Tanzania mwaka 2008. Ukipiga *150*00# unaulizwa jambo moja kwa wakati mmoja, kwa Kiswahili, na ukimaliza unapata ujumbe wa kukuthibitishia. Bibi asiyewahi kugusa kompyuta anaimudu. Mwongozo wa fomu ungeweza kwenda kwa mwendo huo huo: hatua moja, kisha “ukifanya hivi utaona hivi.”

Kuhusu lugha, usikimbilie kutafsiri kila kitu. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zenye menyu za Kiswahili. Ukiieleza programu ya namna hiyo kwa Kiswahili, maelezo na skrini vinasema lugha moja. Mifumo mingi tunayojaza sisi skrini yake ni ya Kiingereza. Ukimwandikia mdogo wako “bofya Wasilisha,” atalitafuta neno hilo mpaka bando liishe, maana kitufe kimeandikwa Submit. Eleza kwa Kiswahili, ila jina la kitufe liache kama lilivyo, halafu useme kinafanya kazi gani.

Chukua pale panaposumbua wengi, namba ya mtihani wa kidato cha nne. Mwongozo wa kawaida unasema “jaza namba ya mtihani kwa usahihi,” basi. Usahihi upi? Mimi ningeandika hivi, kwa mfumo unaotaka nukta: “Anza na herufi S, au P kama ulikuwa mtahiniwa wa kujitegemea. Fuatisha namba ya kituo, nukta, namba yako, nukta, mwaka. Usiache nafasi. Ikikataa, angalia kwanza kama umeweka mkwaju badala ya nukta.” Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo inayomwokolea mtu nauli.

Ukishaandika, mpe mtu ambaye hajawahi kujaza fomu hiyo. Kaa pembeni, funga mdomo, mikono mbali na simu yake. Tia alama kila kidole kinaposita, kisha andika upya mahali hapo tu. Watu wawili watatu wanatosha kuonyesha makosa makubwa. Mwache atunge paswedi mwenyewe na aiandike kwenye daftari lake. Hatua hiyo iwe ya kwanza kabisa kwenye mwongozo.

Utume kama maandishi ya kawaida ya WhatsApp, si PDF ya picha arobaini inayomaliza bando kabla haijafunguka. Juu weka tarehe, maana mifumo hubadilishwa, na maelekezo ya mwaka juzi bado yanazunguka kwenye magrupu.