Unauza miche ya chupa mtandaoni? Soma hii kwanza

Somo la leo limenitoa pesa mfukoni.

Mwaka jana nilichukua miche 40 ya migomba ya chupa, nikapiga picha, nikaweka status. Ikaisha siku ile ile. Wiki ya pili bibi mmoja wa shamba akanitumia voisi: "Mwanangu, miche yote imenikaukia." Alichukua 12. Nikamrudishia pesa yake yote, kwa sababu kosa langu: nauza kitu nisichokijua.

Sasa tuijue. Maabara wanachukua ncha changa ya chipukizi la mgomba, wanaisafisha kuua vijidudu, wanaitia kwenye chupa yenye chakula kama jeli: sukari, madini na homoni za mimea. Inatoa vichipukizi, vinagawanywa tena na tena. Chipukizi moja linaleta mamia ya miche, yote mbegu ile ile ya mama yake. Mkulima anaipenda kwa kuwa haiji na fukusi wala minyoo ya mizizi kutoka shamba la mtu, na mikungu inakomaa karibu pamoja.

Ila mche wa chupa ni mtoto wa ndani. Jua halijui, sukari anapewa, na jani lake halina nta ya kutosha kuzuia maji yasipotee. Lazima azoeshwe: kwanza chini ya nailoni penye unyevu, halafu kwenye kivuli cha neti, jumla kama miezi 2 hadi 3. Yangu ilikuwa na wiki mbili tu!

Kabla hujapost:

1. Uliza mche umetoka chupani lini.
2. Uliza mbegu: mtwike, kisukari au mkono wa tembo? Ikiwa midogo yote inafanana, ukikosea mteja atajua mkungu ukitoka.
3. Usiandike "haiugui". Mche unatoka safi, lakini hauna kinga. Kuvu wa mnyauko wa panama hukaa udongoni miaka mingi, ukipandwa hapo unaweza kuugua.
4. Mteja akiuliza kama ni GMO, mwambie hapana. Kuzalisha kwenye chupa hakubadilishi vinasaba.
5. Mwambie apande jioni, mvua zikianza, na amwagilie.

Walio Unguja, Taasisi ya Utafiti wa Kilimo (ZARI) ipo hapa hapa Kizimbani. Nendeni mkaulize. Mimi nilikwenda baada ya hasara, wewe nenda kabla.

Nani keshauza miche? Tuambie ilikuwaje.