SOMO LA WIKI: Ada ya mtaalamu wa lishe isiwe lumbesa

Mkulima aliyewahi kuuza lumbesa anajua inavyouma: bei ni ya gunia moja, mzigo ni wa gunia moja na nusu. Kosa hilo hilo linawanyemelea wenye mitaji midogo wa Kizota wanaofikiria kufungua chumba cha ushauri wa lishe kwa watu waliofanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito. Wanapanga kutoza ada moja mwanzoni, kisha mgonjwa arudi mara zisizo na idadi.

Soko lipo, ingawa bado ni dogo. Hospitali ya Taifa Muhimbili, tawi la Mloganzila, ilianza kuweka puto tumboni mwaka 2022, na upasuaji ukafuata 2023. Mkazi wa Dodoma anayehudumiwa huko hurudi nyumbani na kazi ya lishe ndiyo kwanza inaanza: wiki za mwanzo ni vimiminika, halafu vyakula vilivyopondwa, halafu laini. Ugali wa uwele haurudi mezani kwa kipimo cha zamani. Protini ya kutosha, walau gramu 60 kwa siku, lazima ipatikane kwenye vijiko vichache vya chakula, na vidonge vya vitamini B12, madini ya chuma na kalsiamu huendelea maisha yote.

Kwa kawaida mgonjwa humwona mtaalamu mara 2 kabla ya upasuaji, kisha baada ya wiki 2, mwezi 1, miezi 3, 6 na 12. Jumla ni mara 7.

Sasa gharama. Chukua mfano wa chumba kimoja na mtaalamu mmoja. Mshahara Sh 900,000 kwa mwezi. Mchango wa mwajiri NSSF, asilimia 10, ni Sh 90,000. Mfuko wa fidia kwa wafanyakazi Sh 4,500. Pango Sh 300,000. Mizani na vifaa vya Sh 1,800,000 vikigawanywa kwa miezi 36 ni Sh 50,000. Umeme, simu na kadi Sh 105,500. Jumla Sh 1,450,000.

Hapa ndipo wengi huteleza. Wanahesabu siku 22, wagonjwa 6 kwa siku, wanapata mahudhurio 132 na gharama ya kama Sh 11,000 kila moja. Chumba kipya hakijai hivyo. Yakiwa mahudhurio 40 kwa mwezi, kila moja linagharimu Sh 36,250, na aliyetangaza ada ya Sh 15,000 anapoteza zaidi ya Sh 21,000 kila mlango unapofunguliwa.

Je, mteja atakubali kulipa kiasi gani? Tangu watu binafsi waliporuhusiwa tena kuendesha hospitali za faida mwaka 1991, ada ya daktari imezoeleka. Kulipia maneno kuhusu chakula bado. Lakini mbadala wake ni safari: treni ya SGR ilipoanza kufika Dodoma mwaka 2024, nauli ya kawaida kutoka Dar es Salaam ilikuwa Sh 31,000, yaani Sh 62,000 kwenda na kurudi, mbali na siku ya kazi inayopotea. Ada ya Sh 30,000 jirani na nyumbani si ghali kwa mtu huyo.

Tatizo ni mahudhurio ya mwisho. Akilipa kila anapokuja, mgonjwa anayepungua vizuri huacha baada ya mwezi wa 3, amelipia mara 5, Sh 150,000. Upungufu wa damu na uzito unaorudi huja baadaye, na lawama hukifuata chumba. Akilipa Sh 210,000 zote mwanzoni, mwenye chumba hupata faida zaidi asipotokea, jambo ambalo kibiashara ni tamu na kitabibu ni baya.

Njia inayofaa ni kupokea Sh 210,000 kwa awamu mbili, kisha kumrudishia Sh 40,000 akifika hudhurio la mwezi wa 12. Zinabaki Sh 170,000, kama Sh 24,300 kwa kila hudhurio. Kwa bei hiyo chumba kinahitaji mahudhurio 60 kwa mwezi kurudisha gharama. Wagonjwa wa upasuaji peke yao hawatafikisha idadi hiyo Dodoma. Wenye kisukari na shinikizo la damu lazima wawemo kwenye hesabu tangu siku ya kwanza.

Anayetegemea bima akumbuke Machi 2024, baadhi ya hospitali binafsi zilipositisha kupokea wanachama wa Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya kwa kupinga bei mpya za mfuko. Hata Marekani, bima ya serikali ya wazee hulipia ushauri wa lishe kwa kisukari na figo, si kwa unene peke yake.

Zile Sh 40,000 za kurudishwa ziandikwe kwenye vitabu kama deni, na zikae akaunti ya pembeni. Kwa wagonjwa 30 ni Sh 1,200,000, fedha inayokaribia kabisa gharama za mwezi mzima, na mwezi mbaya utakapofika ndiyo itakayotamaniwa kwanza.