Santuri Zilizosahauliwa na Jinsi Zilivyopatikana Tena

Santuri ni sahani ya plastiki, mara nyingi nyeusi, yenye mfereji mwembamba unaozunguka kutoka ukingoni hadi karibu na kitovu. Sindano ipitapo katika mfereji huo hutikisika, na mtikisiko huo ndio unaogeuzwa kuwa sauti. Wazee wetu walizicheza sana. Vijana wengi wameziona katika picha tu.

Katika somo hili hatutazungumza juu ya santuri za waimbaji mashuhuri. Tutazungumza juu ya zile ambazo waimbaji au jamaa zao walizilipia wenyewe, zikasahauliwa, kisha zikapatikana tena baada ya miaka mingi. Tutatazama mifano miwili ya Amerika ya Kaskazini: mmoja wa shule huko Kanada, na wa pili wa jamaa moja ya wakulima huko Marekani.

Jinsi santuri ilivyotengenezwa

Kwanza nyimbo zilinaswa katika utepe. Kutoka katika utepe huo sauti ilichongwa kwa sindano kali juu ya sahani laini. Sahani hiyo ilipakwa fedha nyembamba, kisha ikatiwa katika maji yenye nikeli yaliyopitishiwa umeme, hata ikavikwa ganda la chuma. Ganda lilipobanduliwa lilikuwa kinyume cha sahani: palipokuwa na mfereji pakawa na mwinuko. Kwa maganda ya namna hiyo mtambo uligandamiza plastiki ya moto, kama vile karani apigavyo mhuri.

Kazi ya kupata mhuri huo ilikuwa na gharama yake, zitakiwe santuri 100 au 10,000. Ndiyo sababu kampuni kubwa hazikupenda kumtolea santuri mtu asiyejulikana. Hata hivyo, katika miaka ya 1960 na 1970 vilikuwako viwanda vilivyomhudumia mtu yeyote. Ulipeleka utepe wako pamoja na fedha zako, nawe ukaletewa makasha ya santuri. Makanisa na shule zilifanya hivyo, na kadhalika vijana waliotunga nyimbo za gitaa, nyimbo za mtindo wa kienyeji, na zile za roki ya polepole.

Lakini kiwanda hakikuwa na kazi ya kuuza. Hakikuzipeleka santuri redioni wala madukani. Aliyelipa ndiye aliyebaki na makasha. Akishawagawia ndugu na majirani, zilizosalia zilikaa stoo, nazo zikasahauliwa.

Watoto wa Langley

Langley ni wilaya iliyo karibu na mji wa Vancouver, katika jimbo la British Columbia, Kanada. Katika miaka ya 1970 sehemu kubwa yake ilikuwa mashamba. Hapo alikuja kijana mmoja jina lake Hans Fenger kufundisha muziki katika shule za msingi. Yeye alikuwa mpiga gitaa, wala hakuwa mwalimu mzoefu. Hakuwapa watoto nyimbo za kitoto kama ilivyokuwa desturi, bali aliwafundisha zile walizozipenda na kuzisikia redioni: za Beatles, za Beach Boys, za Eagles, na za David Bowie. Vyombo vyao vilikuwa marimba za mti na za chuma, ngoma na matoazi, vile vilivyobuniwa kwa ajili ya watoto kwa kufuata mafundisho ya Mjerumani Carl Orff.

Mwaka wa 1976, na tena mwaka wa 1977, Bwana Fenger aliwakusanya watoto katika ukumbi wa michezo wa shule akazinasa nyimbo zao kwa chombo cha kawaida. Utepe ukapelekwa kiwandani, zikatengenezwa santuri chache za kuwatosha wanafunzi, wazazi na walimu wao. Ukizisikiliza utatambua kwamba sauti hazilingani daima, na ngoma mara nyingine hutangulia. Lakini watoto wanaimba kwa moyo mmoja, na ukumbi ule unarudisha mwangwi wao. Katika wimbo wa Eagles uitwao Desperado, msichana mdogo anaimba peke yake, kwa sauti tulivu isiyo na madoido hata kidogo.

Miaka ikapita, watoto wakawa watu wazima. Mwaka wa 2000 mkusanyaji mmoja wa santuri aliikuta mojawapo katika duka la mitumba huko British Columbia. Akaipeleka kwa Irwin Chusid, mtangazaji wa redio wa Marekani, naye akamtafuta Bwana Fenger. Mwaka wa 2001 nyimbo hizo zilitolewa upya na kampuni ya Bar/None, zikasikika katika nchi nyingi. Bowie mwenyewe aliusifu wimbo wake jinsi ulivyoimbwa na watoto hao.

Mkulima na wanawe

Mfano wa pili una uchungu zaidi. Huko Fruitland, kijiji kidogo katika jimbo la Washington, Marekani, aliishi mkulima Don Emerson pamoja na mkewe na watoto wao. Wanawe wawili, Donnie na Joe, walikuwa wakisikiliza redio iliyofungwa ndani ya trekta wakati wa kulima. Humo walijifunza nyimbo za mjini bila kufika mjini. Baba yao alipoona jinsi wanavyoupenda muziki, aliweka shamba rehani, akakopa, akawajengea chumba cha kunasia sauti pale pale shambani. Gharama yake ilifika dola 100,000 hivi.

Mwaka wa 1979 vijana hao walitoa santuri yao, Dreamin' Wild. Donnie alikuwa na umri wa miaka 17 na Joe miaka 19. Wazazi waliingoja siku ambayo santuri itanunuliwa, lakini siku hiyo haikufika. Makasha yalibaki nyumbani na deni likabaki palepale. Shamba lililokuwa na eka zipatazo 1,600 likapungua kidogo kidogo kwa ajili ya madeni, hata zikasalia eka 65 hivi.

Mwaka wa 2008 mkusanyaji mmoja aliiona nakala ya santuri hiyo katika mji wa Spokane, akaipenda, akawapasha wenzake habari. Mwaka wa 2012 kampuni ya Light in the Attic ya Seattle iliitoa upya. Safari hii ilisifiwa na watu wengi, hasa wimbo wao wa polepole uitwao Baby, na baadaye habari za jamaa hiyo zikatengenezewa filamu. Mzee Emerson alikuwa hai, akayaona hayo kwa macho yake. Ardhi haikurudi, lakini ilijulikana kwamba wanawe hawakuwa wameimba upuuzi.

Tujifunze nini?

Kwanza, tusidhani kwamba kila santuri iliyosahauliwa ni johari. Nyingi ni za kawaida tu, na wakusanyaji husikiliza mamia kabla ya kupata moja ya kutunzwa. Tena sifa zikija baada ya miaka 33 hazilipi deni la mwaka wa kwanza. Mzazi akiwa na mapenzi makubwa kwa mtoto wake, hapana budi awe na hesabu pia.

Pili, kutonunuliwa si ushahidi kwamba kazi ni mbaya. Santuri ya Emerson ya mwaka wa 2012 ilikuwa na nyimbo zile zile za mwaka wa 1979. Kilichobadilika ni kwamba safari hii ilifika masikioni mwa watu.

Tatu, na hili ndilo kubwa kwetu, santuri hizi ziliokoka kwa sababu zilikuwa nakala nyingi, tena zenye majina. Nakala moja ikitupwa, nyingine ilibaki kwa jirani. Na aliyeiokota aliweza kusoma ni nani walioimba, kisha akawatafuta. Kama zingekuwa hazina majina, nani angejua pa kuanzia?

Sasa tujitazame. Siku ya wazazi kwaya yetu huimba, na simu nyingi huinuliwa kuinasa. Simu ikipotea au ikiharibika, nyimbo nazo zimekwenda. Hata zinazobaki hazina jina la shule, wala la mtunzi, wala mwaka. Watoto wa Langley walinaswa kwa chombo cha kawaida, lakini mwalimu wao alihakikisha kwamba nyimbo zao zina nakala. Akiba haiozi, lakini ni lazima iwekwe.

Yafaa basi kila muhula tuchague mtu mmoja wa kutunza nyimbo zetu. Aandike tarehe, jina la wimbo na mtunzi wake, majina ya waimbaji na ya mwalimu. Nakala moja ikae maktabani, na nyingine mahali pengine. Na wenye santuri za zamani nyumbani wazisimamishe wima, mbali na jua, maana joto huzipinda.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini kampuni kubwa hazikupenda kutengeneza santuri chache?
2. Taja sababu mbili zilizofanya santuri za watu binafsi zisahauliwe.
3. Je, Mzee Emerson alitenda vema alipoweka shamba rehani? Toa sababu zako.
4. Muulize mzee mmoja wa nyumbani kwenu kama aliwahi kuimba katika kwaya au bendi. Andika nyimbo walizoimba, mwaka, na majina ya wenzake anaowakumbuka.