KUNUNUA NA KUFUFUA LAND ROVER KUUKUU: TUTAZAME CHINI KABLA YA KUTOA FEDHA

Katika vijiji vingi kuna gari lililowekwa juu ya mawe. Mara nyingi gari hilo ni Land Rover. Zamani lilikuwa mali ya idara fulani, au ya misheni, au ya mwenye duka. Siku moja likaharibika, fedha ya kulitengeneza ikakosekana, likaachwa hapo hapo. Leo kuku wanataga kwenye kiti cha dereva na majani yamefika dirishani. Mwenyewe anasema, "Chukueni tu, sitawapandishia bei."

Kikundi chenye akiba kikisikia maneno hayo, hamu inaanza. Gari litapeleka mahindi sokoni. Litamfikisha mama mjamzito hospitali usiku. Hamu hiyo ni nzuri, wala hatuilaumu. Lakini gari bovu laweza kula akiba ya miaka mitano lisitembee hata kilomita moja. Tena laweza kutembea, kisha breki zikakataa kwenye mteremko watu wakiwa ndani. Hilo ni baya zaidi.

Kwa hiyo katika somo letu la leo tutajifunza mambo matatu: jinsi ya kulikagua gari la namna hiyo, jinsi ya kupiga hesabu yake, na jinsi ya kupanga kazi ya kulitengeneza.

LAND ROVER NI GARI LA NAMNA GANI?

Land Rover ya kwanza ilionyeshwa kwa watu mwaka 1948 katika maonyesho ya magari mjini Amsterdam, Uholanzi. Lilikuwa gari la Uingereza. Wakati huo Vita Kuu ya Pili ilikuwa imekwisha miaka mitatu tu, na chuma kilikuwa adimu. Alumini ilipatikana kwa urahisi zaidi, kwa sababu ilikuwa imetumika sana kuundia ndege za vita. Basi watengenezaji wakaamua bodi ya gari lao iwe ya alumini. Alumini ni madini yale yale ya sufuria zetu za kupikia.

Mtindo wa pili ulitoka mwaka 1958. Mtindo wa tatu ulitoka mwaka 1971 ukaendelea kutengenezwa mpaka mwaka 1985. Magari ya mitindo hiyo ndiyo tunayoyazungumzia hapa. Yako mafupi na marefu. Kutoka katikati ya gurudumu la mbele mpaka katikati ya gurudumu la nyuma, fupi lina inchi 88 na refu inchi 109.

Sasa tufike kwenye kiini cha somo. Alumini haishiki kutu nyekundu kama chuma. Lakini chini ya bodi iko fremu ya chuma, ambayo mafundi huiita chasi. Chasi ndiyo uti wa mgongo wa gari. Injini imekaa juu yake, springi zimefungwa kwake, na mzigo wote unabebwa nayo. Chasi ya Land Rover ina uwazi ndani, kama bomba la pembe nne. Matope na maji huingia humo na kukaa. Basi kutu huanzia ndani, huku nje pakionekana pazima.

Mmeona hatari yake? Gari laweza kuwa na mashavu mazuri, kumbe mgongo umeoza. Anayenunua kwa kutazama bodi ananunua mbuzi kwenye gunia.

SIKU YA KUKAGUA

Nendeni mchana wa jua. Nendeni na fundi wenu, si rafiki wa muuzaji. Chukueni nyundo ndogo, sumaku, tochi, kitambaa, daftari na kalamu. Sumaku ya spika ya redio mbovu yatosha.

1. Chasi. Fundi aingie chini ya gari na kuigonga chasi polepole kwa nyundo, kutoka mbele mpaka nyuma. Chuma kizima hulia "ngo!" Chuma kilichooza hutoa sauti ya kufa, na vumbi la kutu hudondoka. Halafu apitishe sumaku. Sumaku hushika chuma. Mahali ambapo haishiki, yawezekana shimo limezibwa kwa puti na kupakwa rangi. Aangalie hasa mahali springi zinapofungwa, na ile boriti ya mwisho kabisa nyuma.

2. Ukuta wa mbele. Kati ya injini na miguu ya dereva upo ukuta wa chuma, si wa alumini. Inueni mazulia mtazame kwenye pembe za chini. Usukani na bawaba za milango hushikwa na ukuta huo. Ukioza, kazi yake ni kubwa.

3. Injini. Chomoeni kijiti cha kupimia oili mkipanguse kwa kitambaa. Oili nyeusi si ajabu. Lakini oili iliyokuwa kama chai ya maziwa ina maji ndani. Huenda gasketi ya silinda hedi imeungua, au hedi yenyewe imepasuka. Kama injini inawaka, tazameni moshi ikiwa imekwisha pata moto. Moshi wa buluu ni oili inayoungua. Moshi mweupe usiokoma ni dalili ya maji kuingia kwenye silinda. Moshi mweusi maana yake mafuta yanaingia mengi kuliko hewa. Kama injini haiwaki, andikeni katika daftari, "Injini haijulikani." Msikubali kuambiwa, "Ni betri tu hiyo." Kama ni betri tu, mbona mwenyewe hakununua?

4. Breki na usukani. Kanyageni pedali ya breki kwa nguvu mhesabu mpaka 60. Ikizidi kuzama polepole, mafuta ya breki yanavuja mahali fulani. Zungusheni usukani kidogo huku na huku. Ukizunguka sana bila magurudumu kufuata, viungo vimekwisha.

5. Tairi. Tairi yaweza kuwa na meno marefu na bado ikawa mbovu kwa uzee. Someni ubavuni. Tairi zilizotengenezwa tangu mwaka 2000 zina tarakimu nne mwishoni mwa maandishi yanayoanza na herufi DOT. Mbili za kwanza ni juma, mbili za mwisho ni mwaka. Kwa mfano, 2319 maana yake ni juma la 23 la mwaka 2019. Mkiona nyufa nyufa ubavuni, hesabuni tairi mpya.

6. Kadi ya gari. Hapa kisomo chetu kinalipa. Someni namba ya chasi iliyogongwa kwenye gari. Someni namba iliyoandikwa kwenye kadi. Zilinganisheni tarakimu kwa tarakimu. Someni pia jina la mwenye gari. Kama kadi ina jina la marehemu, au la mtu mwingine kabisa, msitoe hata shilingi mpaka mambo yanyooke mbele ya Mamlaka ya Mapato. Gari lisilo na kadi halali ni chuma chakavu tu, hata likinguruma kama simba.

TUPIGE HESABU

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Tuchukue mfano. Bei hizi ni za kujifunzia tu. Ninyi andikeni bei za duka na fundi wa kwenu.

Gari la kwanza liko juu ya mawe. Mwenyewe anataka shilingi 4,000,000. Fundi amelikagua akaandika hivi:

Kuchomelea chasi: 900,000
Breki zote: 450,000
Tairi 5: 1,250,000
Betri: 200,000
Rejeta na mipira yake: 250,000
Waya za umeme: 150,000
Oili na mafuta mengine: 200,000
Kubadili kadi na kukata bima: 300,000
Jumla ya matengenezo: 3,700,000

Gari kuukuu halikosi ugonjwa uliojificha. Kwa hiyo tuongeze robo ya matengenezo kuwa akiba ya dharura. Robo ya 3,700,000 ni 925,000. Sasa tujumlishe: 4,000,000 na 3,700,000 na 925,000. Tunapata shilingi 8,625,000.

Gari la pili linatembea, na chasi yake ni nzima. Bei yake ni 6,000,000. Wanakikundi wanaguna, "Hilo ghali!" Lakini matengenezo na kadi ni 1,500,000, na robo yake ni 375,000. Jumla ni shilingi 7,875,000.

Basi gari lililoitwa rahisi limezidi kwa shilingi 750,000. Tena gari la pili litaanza kazi mapema, wakati la kwanza bado liko kwa mchomeleaji. Bei anayotaja muuzaji ni mwanzo wa bei tu. Kama akiba ya kikundi ni 7,000,000, magari yote mawili hayajafika uwezo wenu. Punguzeni bei kwa kumwonyesha muuzaji orodha ya fundi. Akikataa, rudini nyumbani na akiba yenu. Hiyo si aibu. Aibu ni kununua halafu gari likahama mawe ya mwenzenu kuja kukaa juu ya mawe yenu.

KAZI YA KUTENGENEZA: TUANZE CHINI KWENDA JUU

Watu wengi wakishanunua gari hukimbilia rangi. Wanataka kijiji kione. Rangi ni ya mwisho! Fuateni mpango huu:

Hatua ya kwanza ni chasi na ule ukuta wa mbele. Chuma kilichooza kikatwe, kipya kichomelewe. Kubandika bati juu ya uozo ni kuficha kidonda kwa shuka. Mkikumbuka methali yetu, usipoziba ufa utajenga ukuta.

Hatua ya pili ni breki, usukani na tairi. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa, na unyevu huleta kutu ndani ya silinda za breki. Gari lililosimama miaka mingi lifunguliwe breki zote na kutiwa mafuta mapya. Msitie oili ya injini wala mafuta ya kupikia mahali pa mafuta ya breki. Huvimbisha mipira, na breki hazitafanya kazi.

Hatua ya tatu ni injini. Kama injini ya petroli imekaa muda mrefu, msilivute gari kwa trekta ili kuilazimisha. Mtavunja vyuma vilivyoshikana. Fungueni plagi zote. Mimineni vijiko viwili vya oili katika kila tundu, mwache usiku mmoja au mbili. Hakikisheni gia iko huru, kisha zungusheni injini kwa hendeli polepole. Ikilegea, endeleeni kuzungusha oili itoke kabla ya kurudisha plagi. Mwageni oili ya zamani mtie mpya. Petroli iliyolala tangini ioshwe yote, kwa kuwa huacha utomvu unaoziba kabureta.

Hatua ya nne ni maji na umeme. Osheni rejeta, tieni maji safi, si ya dimbwi. Fuateni kila waya kwa macho, maana panya hupenda kutafuna waya za gari lililolala.

Hatua ya tano ni viti, turubai na rangi.

HADHARI

Msiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Wekeni magogo imara.

Kabla ya kuchomelea, fungueni betri na mtoe tangi la mafuta. Katika Land Rover nyingi za zamani tangi liko chini ya kiti cha mbele. Tangi tupu nalo ni hatari, kwa kuwa mvuke wa petroli uliobaki ndani hulipuka.

Viatu vya breki vya zamani huenda vina asbesto. Vumbi lake likiingia mapafuni huleta saratani baada ya miaka mingi. Msilipulize kwa mdomo wala kwa pampu. Lipanguseni kwa kitambaa kibichi, kisha mkifukie kitambaa hicho.

Siku ya kulijaribu gari, msipakie watu. Dereva aende peke yake, mahali tambarare, apime breki mara nyingi. Mgonjwa na mama mjamzito watangoja mpaka fundi aseme breki ni nzima.

Ndugu wasomaji, gari kuukuu si jambo la kudharau. Yako magari ya miaka ya 1970 ambayo bado yanapanda milima na mizigo. Lakini hayo ni yale yenye mgongo mzima na wenye daftari. Msomeni muuzaji, isomeni kadi, isomeni chasi. Kisha fungueni mkoba.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini bodi ya Land Rover yaweza kuwa nzuri huku chasi imeoza?
2. Sumaku inatusaidia nini wakati wa kukagua?
3. Tairi imeandikwa 0821. Ilitengenezwa juma gani na mwaka gani?
4. Gari linauzwa shilingi 3,500,000. Matengenezo ni 2,800,000. Ongezeni robo ya matengenezo. Jumla ni ngapi?
5. Kwa nini rangi ni kazi ya mwisho?
6. Je, kijijini kwenu liko gari juu ya mawe? Jadilini: lifufuliwe, au liuzwe kama chuma chakavu? Toeni sababu.