SOMO LA JIOGRAFIA NA HISTORIA: PWANI NDOGO YA SHANGANI



Wengi wetu tunajua plaji ya ziwa: ya Kalemie, ya Uvira, ya Goma. Mutu anaenda kule siku ya mapumziko, anaoga, anapiga foto, kisha anarudi nyumbani. Leo tujifunze juu ya plaji nyingine, ndogo sana, yenye iko mbali nasi katika inchi ya Tanzania. Ni pwani ya Shangani, mbele ya muji wa kale wa Zanzibar, ule wenyeji wanaouita Mji Mkongwe. Ni kipande kifupi cha muchanga katikati ya nyumba za mawe na maji ya Bahari ya Hindi. Mutu anaweza kuimaliza kwa miguu katika dakika chache.

Basi, kwa nini sisi watu wa Kongo tuisome? Kwa sababu njia iliyotoka Nyangwe na Kasongo, kule Manyema, mwisho wake ulikuwa upande ule. Tena lugha mnayosoma sasa hivi katika karatasi hii ilikuja kwetu kwa njia ile ile.

1. MAJI YENYE KWENDA NA KURUDI

Mutu wa ziwa akifika baharini mara ya kwanza anashangaa. Asubuhi anaona maji mengi karibu na ukuta wa nyumba. Mchana anarudi, anakuta maji yametoka, na mitumbwi imelala juu ya muchanga. Je, ni nani aliyeyakunywa?

Ni mwezi, pamoja na jua. Mwezi unavuta maji ya bahari, na dunia inazunguka. Ndiyo sababu bahari inajaa mara mbili na kupwa mara mbili katika muda wa saa 24 na dakika 50 hivi. Zile dakika 50 ndizo zinazobadilisha saa kila siku. Kama maji yamejaa leo saa kumi ya mchana, kesho yatajaa karibu saa kumi na moja kasoro dakika kumi. Mwezi ukiwa mupya, au ukiwa mzima, jua na mwezi vinavuta pamoja. Hapo maji yanapanda sana na kushuka sana: watu wa pwani wanasema ni bamvua. Zanzibar, siku za bamvua, tofauti ya maji ya juu na ya chini inafika karibu metre 4, ni kusema kupita urefu wa watu wawili waliosimama mumoja juu ya mwingine.

Ziwa letu la Tanganyika halifanyi hivi. Lenyewe linapanda na kushuka polepole, kwa majira na kwa miaka, kwa sababu ya mvua na mito. Katika miaka ya 2020 na kuendelea lilipanda mpaka likaingia nyumba za watu Uvira na Kalemie, na halikurudi kesho yake kama bahari.

2. MUCHANGA NA MAWE

Muchanga wa Shangani ni mweupe. Sehemu kubwa yake si mawe ya mlima yaliyosagwa na mito. Ni mabaki ya matumbawe na ya konokono wa bahari, yaliyovunjwavunjwa na mawimbi. Nyumba za muji nazo zina asili ile ile: kuta zake ni mawe ya matumbawe, na chokaa yake ilipatikana kwa kuchoma matumbawe. Dari zinashikwa na boriti, ni kusema miti ya mikoko. Miti hiyo haina urefu mkubwa, kwa hiyo vyumba vya kale ni vyembamba. Fundi alifuata kipimo cha muti.

Nyumba za namna hii zina adui mumoja: maji ya mvua yakiingia juu, chokaa inalegea na ukuta unachoka. UNESCO iliandika muji huu katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, lakini orodha haizibi paa. Karibu na Shangani, upande wa Forodhani, kuna jumba kubwa la Beit el-Ajaib, lililojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu yake ilianguka, na watu wawili wakafa. Kitu cha historia kisipotunzwa kinaweza kuua.

3. NANI ALIPITA HAPA?

Mutu akisimama juu ya muchanga na kutazama bahari, ataona ngalawa na majahazi. Zamani meli za tanga zilingojea upepo. Kaskazi, kuanzia Desemba mpaka Machi, iliwaleta wafanya biashara kutoka Arabia na India. Kusi iliwarudisha kwao. Karibu na ngome ya Waarabu, iliyojengwa mwisho wa karne ya 17, palikuwa forodha, nyumba ya kodi. Ndiyo sababu pale panaitwa Forodhani mpaka leo. Pembe za tembo zililipiwa kodi pale. Watu vilevile walilipiwa kodi, kwa kichwa, kama mizigo.

Sasa geukeni, mwache bahari mgongoni. Nyuma kidogo ya pwani, katika vichochoro vya Shangani, iko nyumba ya Hamed bin Muhammad, yule wazee wetu waliyemwita Tippu Tip. Alizaliwa Zanzibar karibu na mwaka 1837, akafa kule kule mwaka 1905. Kati ya miaka hiyo alitawala sehemu kubwa ya Manyema kwa bunduki na biashara. Mwaka 1887 mufalme Leopold II alimuweka kuwa vali wa Stanley Falls, pale tunapoita leo Kisangani. Kutoka Kasongo mpaka mulango wa nyumba yake ni karibu kilomita 1.400 kwa mstari ulionyoka. Lakini njia ya miguu hainyoki, na mwenye kubeba pembe hakuwa ndege.

Kitu cha kwanza walichotafuta Manyema kilikuwa pembe za tembo. Lakini pembe haitembei yenyewe. Vijiji vilichomwa, watu wakakamatwa: wengine wabebe, wengine walime, wengine washike bunduki ya bwana wao. Tarehe 15 Julai 1871 Livingstone alikuwa Nyangwe siku ya soko, akaona watu wa wafanya biashara wakipiga risasi katikati ya wanawake waliokuja kuuza. Wengi walikufa katika maji ya Lualaba. Si wote waliokamatwa waliofika baharini. Wengi walibaki Ujiji na Tabora, wengi walikufa njiani. Hata leo kuna watu wanaoitwa Wamanyema katika Ujiji, Kigoma na Bujumbura.

Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa Juni 1873, na biashara ya watu kwa bahari ikakatazwa. Siku ya Noeli ya mwaka ule ule, jiwe la kwanza la kanisa la Waanglikana liliwekwa pale sokoni, Mkunazini. Lakini musidhani kwamba yote yaliisha siku ile. Sheria ya kufuta utumwa wenyewe ilianza tu mwaka 1897.

4. LUGHA ILIYOTOKA PWANI

Mwezi wa Novemba 1874 Stanley aliondoka Zanzibar pamoja na wapagazi na askari wa pwani, wale walioitwa Waungwana. Walipita Nyangwe mwaka 1876, wakashuka mto wote, wakatokea Boma Agosti 1877. Wenye kubaki wazima walirudishwa Zanzibar kwa meli, mwisho wa mwaka ule. Vitabu vinasema Stanley alishuka mto. Tuseme vizuri: Waungwana walipiga kafi, walibeba mashua, wengi walizama na kufa. Kutokana na jina lao Kiswahili cha kwetu kiliitwa Kingwana.

Angalieni jambo hili. Kingwana ni lugha ya wapagazi, wafanya biashara, askari na watu walionyang'anywa kwao, waliohitaji kusikilizana. Na Kiswahili sanifu cha vitabu vyetu kilichaguliwa mwaka 1928 kutoka maneno ya muji ule ule wa Unguja. Ni matawi mawili ya muti mumoja. Basi mwanafunzi wa Maniema au wa Kivu asione haya mbele ya mutu wa pwani, kana kwamba ameazima lugha ya wengine. Mababu walikwisha kuilipa, na bei yake ilikuwa kali. Tena asichukie watoto wa leo wa Zanzibar. Wengi wao ni wajukuu wa watumwa, na pengine ni ndugu zetu.

5. ADABU YA MWENYE KUTEMBELEA

Safari si ndoto tu. Meli za ziwa zinafika Kigoma. Reli iliyofika Kigoma mwaka 1914 inafuata karibu njia ya misafara. Na kutoka Dar es Salaam boti inavuka kwa saa mbili hivi. Mutakayefika, mushike haya:

a) Uliza wavuvi saa ya maji kujaa. Usitembee mbali juu ya muchanga wakati bahari inarudi.
b) Usiogelee karibu na mifereji, zaidi baada ya mvua, kwa maana maji machafu ya muji yanatoka humo.
c) Wenyeji wengi ni Waislamu. Nguo ya kuogea ni ya majini. Ukiingia muji, ujifunike vizuri. Salimia kwanza, omba ruhusa ndipo upige foto.
d) Jioni, kaa utazame vijana wakiruka toka ukuta wa Forodhani kuingia majini, mchezo wanaouita makachu. Muji huu si makaburi tu, uko na watoto wake.
e) Kiongozi wa wageni atakutajia masultani. Umusikilize kwa heshima, kisha umuulize: «Na watu wa Manyema, je?»

Swali lile la mwisho ndilo kubwa. Maji yanafuta muchanga wa Shangani mara mbili kwa siku, na hakuna alama ya mguu wa mutu yeyote iliyobaki. Kwa hiyo yule anayetoka kwetu afike na kumbukumbu yake mwenyewe.

MASWALI

1. Kwa nini saa ya maji kujaa inabadilika kila siku?
2. Muchanga wa plaji unayoijua wewe ulitoka wapi? Fafanua.
3. Onyesha katika karte njia ya Nyangwe, Kasongo, Ujiji, Tabora, Bagamoyo, Zanzibar.
4. Uliza muzee mumoja wa kwenu: katika jamaa yake wanasimulia nini juu ya wakati wa Waarabu? Andika jina la kijiji, na maneno yake kama alivyoyasema, mbele hayajasahauliwa.