Ulijifunza kwa Nani?

JUMATANO

Soma Kumbukumbu la Torati 6:20–25. 2 Timotheo 1:3–5 na 3:14, 15. Mzazi anapaswa kumweleza mtoto mambo gani? Kwa nini Paulo anamkumbusha Timotheo watu waliomfundisha?

______________________________________________

Waraka wa pili kwa Timotheo uliandikwa na mzee aliyefungwa, akijua kwamba mwisho wake umekaribia. Kabla ya kumpa kijana huyo agizo zito la kulihubiri neno, Paulo anamrudisha utotoni. Anawataja kwa majina bibi yake Loisi na mama yake Eunike. Paulo mwenyewe alilelewa miguuni pa Gamalieli, mwalimu aliyeheshimiwa na watu wote (Mdo 5:34, 22:3). Biblia haisemi kwamba wanawake hawa wawili walikuwa na mwalimu wa namna hiyo. Baba yake Timotheo alikuwa Myunani. Hata hivyo, katika nyumba hiyo mtoto aliyajua Maandiko tangu udogo wake. Msomi wa Gamalieli haoni aibu kumwambia Timotheo asiwasahau waliomfundisha.

Katika Kumbukumbu la Torati 6, mazungumzo yanaanzishwa na swali la mtoto. Jibu la mzazi halianzi na sifa zake, bali na utumwa wa Misri. Mzazi anaanza na yale aliyokosa, kisha anaonyesha mahali ambapo mkono wa Mungu ulimtoa. Mtoto asiyesikia habari za Misri hawezi kuelewa thamani ya nchi aliyopewa.

Wazazi wengi wa Afrika Mashariki wana habari za namna hiyo kuhusu shule. Wapo waliotembea pekupeku kilometa nyingi, na walioshirikiana kitabu kimoja watoto wanne. Wengine waliachishwa masomo ili ada iliyopatikana imsomeshe kaka. Tanzania ilipoutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, akina mama na akina baba waliingia madarasa ya kisomo baada ya kazi za shamba, wakashika kalamu kwa mikono iliyozoea jembe. Nchini Kenya, Kimani Maruge alijiandikisha darasa la kwanza mjini Eldoret mwaka 2004, akiwa na umri wa miaka 84, baada ya elimu ya msingi kufanywa kuwa bure. Miongoni mwa sababu alizotoa ni kwamba alitaka kujisomea Biblia mwenyewe.

Hatari iliyopo ni kwamba mtoto aliyesomeshwa kwa jasho la mzazi anaweza kuja kumdharau kwa sababu ya kile ambacho mzazi alikikosa. Anamsomea ujumbe wa simu kwa kukunja uso. Anamkosoa matamshi mbele ya wageni. Katika darasa la Shule ya Sabato, mzee asiyesoma vizuri anaruka zamu yake, na hakuna anayemuuliza neno. Dharau hiyo huvunja amri ya tano bila kelele (Kut 20:12). Pia humpokonya kijana ushuhuda ambao, mzee akishalala mauti, hakuna kitabu kitakachomrudishia.

Soma 2 Timotheo 4:6–13 na Danieli 9:1, 2. Watu hawa walikuwa wakifanya nini katika uzee wao?

______________________________________________

Danieli alikuwa amefundishwa elimu ya Wakaldayo tangu ujana. Miongo mingi baadaye, akiwa mzee, bado alichunguza maandiko ya Yeremia. Paulo naye, akikikabili kifo, aliagiza aletewe joho lake pamoja na vitabu. Mwili ulihitaji joto, na akili ilihitaji chakula. Hakusema kwamba amekwisha kujua ya kutosha. Kwa mwanafunzi wa Kristo hakuna siku ya kuhitimu katika maisha haya. Aliyeishia darasa la nne na mwenye shahada ya chuo kikuu huketi benchi moja, na Mwalimu wao ni mmoja (Mt 23:8).

Maswali ya Kujadili

1. Je, unajua mzazi au mlezi wako alisoma wapi, nani alimfundisha kusoma, na kwa nini aliacha shule? Kama bado yuko hai, utamuuliza lini?

2. Yapo majeraha ambayo mzazi hapendi kuyasimulia. Mtoto anawezaje kuuliza kwa heshima, bila kumlazimisha?

3. Katika darasa lenu, ni nani hasomi kwa sauti kwa sababu ya aibu, macho dhaifu au kutojua kusoma? Panga pamoja na wenzako jambo moja mtakalofanya kabla ya Sabato ijayo ili mtu huyo ashiriki kikamilifu.