Binti yangu anakataa kula

Swali: Daktari, binti yangu ana miaka 15. Amekonda mno, lakini anasisitiza kwamba ni mnene. Ndugu wanasema anadeka tu, nimwache, njaa itamfunza. Nifanye nini?

Jibu: Mama, usimwache hata kidogo! Dalili hizi zinaelekea kwenye anoreksia, yaani ugonjwa wa kujinyima chakula kwa hofu ya kunenepa, na ukimshika mtu, njaa yenyewe huzidisha hofu hiyo. Kwanza apimwe moyo, presha na damu, wiki hii hii.

Kwa umri wake, tiba ya kisaikolojia inayopendekezwa kwanza ni ile ya familia, iliyoanzia hospitali ya Maudsley, London. Hapo hatafutwi wa kulaumiwa. Wazazi mnapanga chakula, mnampakulia, mnakaa naye mpaka amalize, kwa upole na bila kubishana juu ya unene. Mtaalamu huwaongoza kwa vikao takriban 18 hadi 20 ndani ya mwaka mmoja. Uzito ukirudi, mnamwachia maamuzi ya chakula kidogo kidogo. Atalia, atakasirika, ni hofu inayosema, vumilieni.

Akizimia, au mapigo ya moyo yakipungua sana, mkimbizeni hospitali saa hiyohiyo.